Fomula ya glezi, ule mpako wa vyombo unaogeuka kioo motoni, ipelekwe nzima au isipelekwe kabisa. Nimechoka!

Bandugu wafinyanzi wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi, leo naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Juzi mama mmoja alibisha mlangoni kwangu, Katuba, na vikombe vitano vimefungwa kwenye gazeti. Alinunua sita sokoni, kwa mfinyanzi mwingine, akaambiwa glezi ile ni ya kwangu. Ndani vilikuwa vyeusi vinang'aa kama chuma kilichopakwa mafuta. Katika kimoja alikamulia ndimu akaiacha mpaka asubuhi, na pale ndimu ilipolala pakabaki duara la kijivu. Akaniuliza: "Mwanangu, watoto wangu wamekunywa nini?"

Nilimwambia asivitumie tena kwa chakula wala kinywaji. Nikamrudishia pesa ambazo sikuzipokea mimi.

Sasa sikilizeni fomula hiyo ilivyotoka kwangu. Mwaka jana mwenzetu mmoja alinibembeleza nimpe ile glezi ya kijani ya vazi zangu za maua. Nilimpa bila kumtoza hata faranga moja. Kijani ile imenila miaka miwili na vigae vya majaribio vinavyojaa ndoo mbili, na mara tatu umeme ulikatika furu, yaani tanuri, ikiwa imeshapita digrii 900, nikaanza upya. Nilimwandikia karatasi kwa mkono, mbele na nyuma. Mbele niliandika feldspa, friti (kioo kilichosagwa) yenye boroni, chokaa, kaolini na silika, jumla 100. Juu ya hiyo 100, unga wa malakiti 6. Moto digrii 1,220. Nyuma niliandika udongo ninaotumia, unene wa kupaka, mahali ninaponunua malakiti, na mstari nilioupigia chini mara mbili: YA VAZI NA MAPAMBO TU, SI YA CHAKULA WALA KINYWAJI.

Yeye akaketi na simu yake, akaandika upya upande wa mbele peke yake, na pale penye malakiti akaandika "shaba 6". Akatuma kwenye grupu. Upande wa nyuma hakuugusa.

Kwa wanaosema neno moja tu limebadilika, hebu tupige hesabu. Malakiti, jiwe letu lile la kijani ambalo kila mgeni anauziwa mkufu wake, ni kaboneti ya shaba. Gramu 100 za malakiti safi zina shaba gramu 57 hivi. Oksidi nyeusi ya shaba ina karibu 80. Mtu akisoma "shaba 6" akachota oksidi nyeusi, shaba imeongezeka karibu mara 1.4 kuliko nilivyopima mimi. Glezi haiwezi kuishika yote. Inayozidi inakaa juu, inageuka nyeusi ya metali, halafu ndimu, siki au nyanya inaitoa kidogo kidogo na kuiingiza kwenye chakula. Na hata malakiti haifanani mfuko kwa mfuko, maana jiwe linakuja na uchafu wake. Mimi mwenyewe nikifungua mfuko mpya napima kigae kwanza. Ndiyo sababu niliandika duka!

Nilimpigia simu. Jibu lake: "Yaya, nilitaka kusaidia wengine. Kwani rangi ina mwenyewe?"

Haina. Nani amesema ina mwenyewe? Katanga hii watu walikuwa wanayeyusha shaba na kumimina misalaba karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, na ufundi ule haukuokotwa njiani, ulitoka mkono kwa mkono. Bibi yangu alifinyanga vyungu bila glezi yoyote. Alikuwa tayari kumwonyesha mtu yeyote shimo la udongo wake, lakini hakukuonyesha shimo bila kukuambia uchanganye vigae vilivyosagwa kiasi gani, chungu kisije kikapasuka motoni. Aliona ni kitu kimoja. Ukipewa shimo bila vigae, umepewa hasara.

Jina langu mmelitumia kuuzia, onyo langu mmelitupa. Hapo ndipo panaponiuma kuliko wizi, kwa sababu mwizi angalau angeficha jina langu.

Aliye na ile "shaba 6" kwenye simu aifute leo. Anayetaka fomula aje Katuba, nitamwandikia karatasi kama nilivyomwandikia yule, na akimpa mwingine ampe pande zote mbili. Ukibadilisha kitu, hata friti tu, andika umebadilisha nini na uondoe jina langu, maana hiyo sasa ni glezi yako na lawama yake ni yako. Na msiniletee habari ya "nimeweka ndimu usiku mzima, haikubadilika." Ndimu inakuonyesha glezi mbovu sana. Kukwambia glezi ni salama haiwezi, hilo linapimwa maabara.

Uliyeuza vikombe hivyo, unajijua. Rudi sokoni ukawatafute wateja wako mmoja mmoja, uwarudishie pesa.

Yule mama ameniachia vitano. Cha sita hakukileta kwa sababu kitinda mimba wake hataki kunywa chai katika kingine. Kesho asubuhi nakwenda kwake na kikombe cheupe kumbadilishia.