Wakubwa, herufi gani ya kitabu cha nyimbo? Bodoni imenitia aibu

Mshona_Karatasi (Bukavu)
Jambo yenu wakubwa. Niko na kibanda cha kuchapa na fotokopi hapa Kadutu. Wanakorali wa parokia moja wamenipa kitabu cha nyimbo, kurasa 64, nakala 200, nusu Kiswahili nusu Kimashi, lugha ya hapa kwetu. Mimi nikataka kupendeza, nikachagua Bodoni. Kwenye skrini imevaa kama bwana harusi: mstari mmoja mnene, wa pili mwembamba kama uzi, na zile serifu, vijiguu vya mwisho wa herufi, zimenyooka kama wembe. Nikaweka pointi 9 ili karatasi zisizidi.

Nikatoa ya kwanza kwa leza, nikaipitisha kwenye fotokopi. Bwana! Nyuzi zote zimeyeyuka. "e" imekuwa "c", "n" imebaki vijiti viwili. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akaisogeza kwenye taa ya sola, akaniuliza: "Mwanangu, wino umekuishia?"

Bado wanataka serifu, hawataki "herufi za bango". Nikoleze, ao nibadilishe kabisa? Mazoezi ni Jumamosi.

Mzee_wa_Risasi (Lubumbashi)
Mdogo wangu, usikoleze. Matundu ya "a" na "e" yataziba, halafu utarudi hapa na kilio kingine.

Mashini yako haina kosa. Giambattista Bodoni alikuwa mchapaji wa Parma, Italia, alikufa 1813. Alichapa kwa herufi za chuma, kwenye karatasi nzuri, na pembeni akaacha nafasi ya kutosha. Iweke kwenye jalada, pointi 40, utaona inavyotamba. Lakini pointi 9, kopi ya kopi? Unaionea.

Tafuta Charter. Matthew Carter aliichora 1987 akijua itatoka kwenye leza za wakati ule, nukta 300 kwa inchi. Ndiyo maana serifu zake ni nene, zimekatwa kama matofali, na mstari mwembamba haujapishana sana na ule mnene. Mashini ikimega kidogo, herufi inabaki herufi. Tena herufi ndogo zake zina tumbo kubwa: ukiiweka pembeni ya Garamond ya pointi ileile, Garamond inaonekana mtoto.

Chai_na_Mkate
Yote hayo ya nini? Times New Roman iko kwenye kila kompyuta. Chapa, lala.

Mzee_wa_Risasi
Times ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la London, ikaanza kutumika 1932. Imebanwa ili maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba. Wimbo una mistari mifupi, nusu ya ukurasa iko tupu. Unabana kwa ajili ya nani?

Binti_Nguba (Bukavu)
Samahani mzee wangu, sikubali kwamba lazima serifu. Wamama wetu wanasoma vibao vya maduka kila siku, havina hata kijiguu kimoja, na hawapotei.

Mzee_wa_Risasi
Hapo umenishika, binti yangu. Unene na ukubwa vinasaidia kuliko vijiguu. Ila anayelipa ni korali, na korali imesema serifu.

Kalamu_ya_Volkano (Goma)
Ndugu Mshona, hakuna aliyekuuliza kuhusu Kimashi. Mwalimu wenu anaweka alama za toni juu ya vokali? Kama anaweka, jaribu kwanza kabla ya kuchapa. Fonti ikikosa herufi moja, programu inaazima kwingine, na neno linakuwa kama shati lenye kiraka.

SIL, shirika la mambo ya lugha, walichukua Charter wakaijenga Charis SIL, yenye alama za lugha zetu nyingi. Wana pia Gentium ya Victor Gaultney. Zote mbili ni za bure, hata kumgawia mwenzako kwa fleshi inaruhusiwa. Kwa macho yangu Gentium ni nzuri zaidi, unaona kabisa mkono wa mtu na kalamu. Ila ni laini. Kwa fotokopi, Charis. Utaona mistari imeachana sana, usishtuke, ni nafasi ya alama zinazopandana. Usiibane ovyo, alama za toni za mstari wa chini zitagonga maneno ya mstari wa juu.

Mshona_Karatasi
Alama ziko, tena nyingi. Aksanti, ngoja nijaribu.

Mshona_Karatasi
Nimerudi. Charis pointi 10, nimetoa kopi ya kopi ya kopi makusudi. "e" bado ni "e". Bodoni nimeiacha kwenye jalada tu, kichwa cha kitabu. Kurasa zimefika 72, hizo karatasi za ziada nimezibeba mimi, nilijitakia.

Yule mama leo amesoma beti tatu akiwa amekaa palepale, mbali na taa. Halafu akaniambia ubeti wa pili una kosa la tahajia.