Sahihi ya Soda

*Kikundi: WATOTO WA BI KHADIJA*

Jumamosi

Mwanaisha (Mombasa): Asalaam aleikum jamaa. Nimepiga picha gazeti hapa kazini, ifungueni. Tangazo la NEMA, mamlaka ya mazingira. Nyumba 400, ukuta kuzunguka, gati ya boti, kisiwani Lamu upande wa Matondoni. Ni lile shamba nyuma ya minazi yetu ama naota?

Swaleh (Nairobi): Waalaikum salaam. Huoti. Ni lile lile.

Shangazi Maryam: Nyumba 400?? Kijiji chetu kizima hakifiki nyumba 90, na hapo nimehesabu na vibanda vya kuku.

Athman: Niliwaambia tangu mwezi wa kumi. Mkasema Athman ana maneno mengi.

Omar (admini): Ulisema ni hoteli.

Athman: Nilisema ni mradi. Nyumba za kuuza na za kukodisha wageni. Kutakuwa na zahanati, barabara ya matofali mpaka gatini na umeme usiokatika. Vijana wa hapa watapewa kazi kwanza, wameahidi.

Zuhura: Changu wabichi wameingia sasa hivi, kilo moja shilingi 450. Anayetaka aniandikie pembeni.

Omar (admini): Zuhura 😂 subiri kidogo.

Zuhura: Samaki hawasubiri, kaka.

Ami Shee: Maji watatoa wapi?

Athman: Ami, kila kitu kiko kwenye ripoti yao ya mazingira. Watachimba visima vyao ndani ya kiwanja chao. Kisima chetu hawakigusi.

Ami Shee: Nauliza tena. Maji watatoa wapi?

Athman: Nimejibu, Ami. Ndani ya ukuta wao.

Ami Shee: Ukuta uko juu ya ardhi. Maji yako chini. Tangu lini maji ya chini yakajua mpaka wa shamba?

Shangazi Maryam: 👏👏

Mwanaisha (Mombasa): Ami yuko sawa, na tusione kama ni maneno ya wazee tu. Kisiwa chetu hakina mto. Mvua ikinyesha inazama mchangani, halafu yale maji matamu yanakaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Anayechota kwa ndoo anachukua ya juu. Anayefunga pampu kubwa na kuvuta usiku na mchana anayapandisha ya chini. Munyu, yaani chumvi, ukishaingia hautoki kwa mwaka mmoja wa mvua. Mji wa Amu wenyewe, yaani Lamu mjini, unakunywa kutoka visima vya vilima vya mchanga vya Shela, ndiyo maana watu hupiga kelele kila mara mtu akitaka kujenga juu ya vile vilima. Sisi huku tuna visima viwili na hakuna anayetupigia kelele.

Swaleh (Nairobi): Hebu tupige hesabu. Nyumba 400, kila moja watu watano, ni watu 2,000. Mtu wa mfereji wa ndani na choo cha kuvuta, tumpe lita 100 kwa siku, na hapo sijaweka bustani wala dimbwi la kuogelea. Lita 200,000. Kwa mitungi ya lita 20 ni mitungi 10,000 kila siku.

Shangazi Maryam: Kwa bibi hapa tunatumia mitungi sita, na siku ya kufua minane.

Swaleh (Nairobi): Punda mmoja mitungi minne. Safari 2,500 za punda kutwa. Punda wa kisiwa chote wangeandamana.

Omar (admini): 😂😂

Athman: Chekeni. Awamu ya pili kuna mtambo wa kusafisha maji ya bahari.

Ami Shee: Watu waingie awamu ya kwanza, maji yaje awamu ya pili. Hapo katikati watakunywa nini, ripoti?

Shangazi Maryam: Na vyoo je? Mashimo 400 kwenye mchanga, na sisi tuko upande wa kuteremkia. Mimi hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si hao wageni. Wageni tumewazoea. Na ile njia ya kwenda kukata miyaa ya mikeka inapita katikati ya shamba lile. Ukuta ukija, ukili nitasukia nini? Nizunguke na mzigo kichwani mpaka wapi?

Athman: Shangazi, kwa heshima zote. Nina miaka 27. Nimesomea umeme miaka miwili, cheti kiko sandukuni chini ya kitanda cha bibi. Nyumba nilizofunga nyaya tangu nimalize ni tatu, moja ni ya Omar na hajanilipa.

Omar (admini): Nitakulipa.

Athman: Mwanaisha yuko Mombasa, Swaleh yuko Nairobi. Mnapenda kijiji kibaki vile vile ili mkija Idi mkipige picha. Mimi ndiye ninayeishi ndani ya hiyo picha.

*(Hapa kikundi kikanyamaza karibu saa nzima, isipokuwa Zuhura aliyeandika: changu wamebaki watano.)*

Mwanaisha (Mombasa): Athman, hilo umesema kweli na limeniuma. Sina jibu la haraka. Lakini mimi sijasema wasijenge. Nasema waseme maji watatoa wapi.

Athman: Na mkikataa mtafanya nini? Bandari ya Kililana hapa Lamu, watu hawakulalamika? Ikajengwa. Gati la kwanza likafunguliwa 2021.

Ami Shee: Ikajengwa, kweli. Lakini wavuvi walikwenda mahakamani, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua walipwe fidia. Shilingi bilioni 1.76, wavuvi kama 4,600. Wasingekwenda wangehesabiwa? Wangeambiwa bahari ile haikuwa na watu. Na ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi umeusahau? Leseni yake ilifutwa Juni 2019, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa.

Swaleh (Nairobi): Hapo ndipo nilipotaka kufika. Nimeishusha ripoti yote, imekula bando langu la wiki. Mwishoni kuna karatasi za mahudhurio, kurasa nne. Kichwa chake: wananchi walishirikishwa na wakaunga mkono mradi. Jina la bibi limo. Na kidole gumba.

Omar (admini): Bibi YETU?

Swaleh (Nairobi): Namba 37. Wewe Omar ni namba 12.

Omar (admini): Mimi nilisaini ya soda!

Shangazi Maryam: Na mimi. Tulikaa chini ya mkwaju, wakazungumza kidogo, tukapewa soda na mia tano ya nauli. Nikauliza nauli ya nini na mimi naishi nyumba ya tatu kutoka hapa. Wakacheka, wakanipa kalamu. Hakuna aliyeniuliza nakubali au nakataa.

Mwanaisha (Mombasa): Nani aliwakusanya watu siku ile?

Mwanaisha (Mombasa): Hebu mtu ajibu.

Athman: Mimi.

Athman: Walinipa elfu tatu nipite nyumba kwa nyumba. Waliniambia ni mkutano wa kujuana tu. Wallahi sikujua karatasi ile itatumiwa hivi. Na bibi ni mimi niliyemshika mkono akatia kidole, maana hakuwa na miwani.

Ami Shee: Haya.

Ami Shee: Kesho baada ya alfajiri uje kisimani. Njoo na tochi.

Jumapili

Shangazi Maryam: Nimemsomea bibi mazungumzo yote. Ametuma sauti lakini simu yake inakwaruza, nawaandikia kama alivyosema:

"Wayukuu wangu, mimi sikutilia nyumba kidole, nilitilia soda, tena ilikuwa ya moto. Athman msimpigie kelele, ni mtoto, ametumwa ametumika. Lakini niwaambie. Watu wa Takwa walikuwa na muyi kule Manda, wana msikiti, wana nyumba za mawe, wana ukuta mkubwa kuliko huo mnaousema. Maji yakageuka munyu. Wakavuka kuya Shela. Hata leo watu wa Shela wenda kule kwenye lile kaburi la mnara kuomba mvua. Ukuta uko mpaka leo, uendeni mukauone. Maji ndiyo hayako."

Swaleh (Nairobi): Bibi 🙏

Mwanaisha (Mombasa): Hata wanaochimbua mambo ya kale wanataja maji ya chumvi miongoni mwa sababu zilizowahamisha watu wa Takwa karne ya 17. Bibi hakuhitaji kusoma.

Omar (admini): Athman na Ami mko wapi? Mmezama?

Athman: Tuko hapa. Ami ana kamba ya mafundo ambayo sikuwahi kujua kazi yake, miaka yote nadhani ni ya mtego wa kaa. Kila Kaskazi hupima kisima. Fundo la kitambaa chekundu ni la mwaka ule wa ukame, punda walipokufa. Leo maji yako shubiri mbili tu juu ya lile fundo, na masika bado wiki kadhaa.

Athman: Nimeyaonja kwa ulimi wangu. Kisima cha msikitini bado kitamu. Cha huku chini kimeanza kukolea. Na bado hakuna pampu hata moja.

Ami Shee: Huyu kijana ana ulimi mzuri wa kuonjea maji. Nilikuwa natafuta wa kumwachia kamba.

Mwanaisha (Mombasa): Sasa sikilizeni. Tangazo linatoa siku 30 za kutoa maoni, kwa maandishi au kwa mdomo, na tano zimeshapita. Tuandike barua ya kijiji, tena isiwe ya matusi. Tuombe mambo yanayopimika: wapime visima vyote viwili wakati wa Kaskazi, si wakati wa masika vikiwa vimejaa. Waseme watavuta lita ngapi kwa siku. Mtambo wa maji ya bahari uwe tayari kabla ya mtu wa kwanza kuhamia, na watuonyeshe yale maji mazito ya chumvi yanayobaki watayamwaga wapi, yasije yakamwagwa kwenye mikoko. Vyoo vyao viende wapi. Njia ya miyaa ibaki wazi na iandikwe kwenye ramani. Leseni ikitoka bila kusikilizwa, kuna siku 60 za kukata rufaa kwenye baraza la mazingira.

Swaleh (Nairobi): Na ile orodha ya mahudhurio?

Athman: Hiyo nitaandika mimi. Barua yangu peke yangu. Kwamba nililipwa elfu tatu kuita watu, kwamba watu hawakuulizwa kitu, kwamba bibi hakusomewa. Nitatia jina na namba ya kitambulisho.

Shangazi Maryam: Na kazi ya umeme je, mwanangu? Hawatakuchukua tena.

Athman: Najua.

Omar (admini): Nimekutumia pesa yako. Angalia simu.

Athman: Imeingia. Imepungua mia mbili.

Omar (admini): Ada ya kutuma.

Zuhura: Mia mbili ada ya kutuma 😂😂 Omar utaingia motoni.

Ami Shee: Kesho Jumatatu twenda Amu. Mimi, Athman, Maryam, na mzee wa kijiji ameshakubali. Mwanaisha, barua iwe imefika kwa Athman kabla ya isha tuipige chapa pale sokoni. Kamba nakuja nayo, wakitaka kuiona.

Mwanaisha (Mombasa): Inshallah. Saa moja usiku itakuwa imefika.

Shangazi Maryam: Bibi anauliza kama naye anahitajika, atie kidole tena.

Ami Shee: Mwambie apumzike. Akihitajika nitamwijia, na safari hii atasomewa mpaka nukta ya mwisho.

Shangazi Maryam: Anasema basi mumletee mkate wa mofa, na soda ya baridi.

Ami Shee: Maji yanajaa saa moja na nusu asubuhi. Atakayechelewa atavuka matope kwa miguu, boti haimngoji mtu.