Misindano iliyougua karibu na nyumba: niiangusheje, na chenso ipi itanifaa?

Mpanda Misindano, Mufindi

Habari zenu ndugu zangu. Nina shamba dogo la misindano nje kidogo ya Mafinga. Upande unaopakana na nyumba ya jirani, miti kadhaa imegeuka kuwa ya njano na kisha hudhurungi, inavuja utomvu mwingi karibu na ardhi, na wakati wa masika uyoga uliota kwa mafungu kwenye mashina hayohayo. Unene wake ni kama sentimita 35. Ningependa kuiangusha kabla ya upepo wa Agosti. Je, inakatwa kama mti mzima wa kawaida? Pia ninafikiria kununua chenso yangu badala ya kukodi, na wapo wanaonihimiza nichukue kubwa kabisa ili siku moja nipasulie mbao.

Bwana Miti Mstaafu, Iringa

Dalili hizo zinaelekea kwenye ugonjwa wa kuoza mizizi unaoletwa na kuvu aina ya Armillaria. Bandua gome chini kabisa ya shina. Ukikuta utando mweupe kama karatasi kati ya gome na mti, shaka itapungua sana. Ofisa misitu wa wilaya, au watafiti wa TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, walio hapo Mafinga, wanaweza kuthibitisha.

Mti wa namna hiyo haukatwi kama mzima, kwa sababu kinachouongoza unapoanguka ni bawaba, yaani ule ukanda wa mti unaoachwa bila kukatwa kati ya mkato wa mwelekeo, ule wa upande mti unakoangukia, na mkato wa nyuma, wa upande wa pili, na bawaba iliyooza hukatika ghafla na kuuacha mti uende unakotaka wenyewe. Gonga shina kwa kisigino cha shoka kuanzia chini kwenda juu, usikilize mahali sauti ya uwazi inapokoma, na ukate juu ya hapo hata kama utapoteza kipande cha gogo. Tazama pia unga wa msumeno: ukitoka wa kahawia na wenye unyevu, simama ufikiri upya. Mkato wa mwelekeo uingie robo ya unene au pungufu kidogo, na bawaba isiwe chini ya sehemu moja ya kumi, ambayo kwako ni sentimita tatu na nusu. Kwenye mti wa mashaka mimi huacha zaidi.

Kabari za kuingiza kwenye mkato wa nyuma ziwe za plastiki au za mti, na zigongwe polepole huku msaidizi akitazama juu, maana mtikiso huangusha matawi makavu. Fyeka njia mbili za kukimbilia, zikielekea nyuma kwa mshazari, na watu wengine wote wakae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti.

Fundi Chenso, Makambako

Kuhusu mashine, siungi mkono ushauri wa kununua kubwa kabisa. Kwa unene huo, injini ya sisi (cc, yaani ukubwa wa injini) 50 hadi 60 yenye bapa, ule upau unaozungukwa na mnyororo, la inchi 16 au 18 inatosha. Chenso za kupasulia mbao, za sisi 70 na kuendelea, huchosha mikono, na mikono iliyochoka ndiyo inayoruhusu ncha ya bapa kugusa gogo na mashine kumrukia mkataji usoni. Jaribu breki ya mnyororo mbele ya muuzaji, ukiisukuma kwa mkono mnyororo ukiwa unazunguka. Isiposhika papo hapo, iache dukani hata kama bei inavutia.

Stihl na Husqvarna ndizo mafundi wengi wa huku wanazozifahamu, na spea zake hupatikana, lakini bandia zenye nembo hizo ni nyingi. Dai risiti, linganisha namba ya mashine na ya kwenye boksi, na uwe na shaka na bei ya chini mno. Jambo moja husahaulika: Mafinga iko juu sana, hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo mashine iliyosetiwa Dar es Salaam itavuta mafuta kupita kiasi na kutoa moshi mpaka kabureta irekebishwe. Oili nzuri ya tu-stroku huchanganywa mililita 20 kwa lita moja ya petroli, ila fuata kijitabu cha mashine yako. Kofia ngumu yenye wavu, vizuia kelele na suruali ya kinga viingie kwenye bajeti ileile. Uliza pia TFS, wakala wa huduma za misitu, kuhusu kibali na usajili wa chenso kabla hujaiwasha.

Mpanda Misindano, Mufindi

Shikamoo mzee, nawe fundi nashukuru. Mmoja wa miti hiyo umeinamia kabisa upande wa nyumba ya jirani. Kabari zitaugeuza?

Bwana Miti Mstaafu, Iringa

Marahaba. Kabari pekee hapana, na mtu asiupande. Huo mwachie mkataji mzoefu mwenye tifoo, ile winchi ya mkono, na kamba ya waya, auvute kuelekea shambani kabla mkato wa nyuma haujakamilika, na jirani ahame nyumba kwa saa hizo. Kituo cha mafunzo ya misitu, FWITC, kipo hapohapo Mafinga. Waulize kuhusu wakataji waliofunzwa.

Baadaye ng'oa visiki pamoja na mizizi minene uichome kwa kibali, nje ya majira ya moto, kwani kuvu hiyo huishi humo miaka mingi na kuingia kwenye miche mipya. Magogo ya juu yasiyooza yanafaa mbao, ila yapelekwe kiwandani mapema kabla hayajaingia rangi ya bluu.