MREJESHO: Nani anifundishe kupanda miamba ya nje?

Wakuu, niliuliza namna ya kumpima mzoefu anayejitolea kumfundisha mtu aliyezoea ukuta wa kupandia wa ndani tu, kabla ya kwenda Lukenya, kilima chenye miamba ya kupanda karibu na Nairobi. Ahsanteni, nimeshampata.

Miaka mingi mwambani si cheti. Mtu anaweza kuruka ukaguzi miaka yote asiumie, na hilo likamwongezea ujasiri tu. Mtazameni akiwa bado chini: je, anafunga fundo kwenye ncha ya kamba? Kamba ya mita 60 inatosha kumshusha mtu kutoka mita 30 hivi, na ikishakatwa ncha zilizochakaa inapungua. Bila fundo, ncha inachomoka kwenye kifaa cha mshika kamba (mwenzake aliye chini anayemdhibiti kwa kamba) na mpandaji anadondoka. Halafu mpandaji na mshika kamba wakaguane: bizimu ya hanesi (mkanda wa kiunoni na mapajani), fundo la nane (lenye umbo la 8) lipite vitanzi vyote viwili vya hanesi, karabina (kiungo cha metali chenye mlango) ifungwe.

La kileleni ndilo zito zaidi. Kabla ya kupanda wakubaliane: "utanishusha" au "nitajishusha mwenyewe". Mshika kamba akidhani mwenzake anajishusha, anaitoa kamba kwenye kifaa. Mwenzake naye anaegemea nyuma akidhani ameshikwa. Upepo ukivuma hamsikizani, kwa hiyo haya huzungumzwa chini.

Niliyemchagua anakubali kukaguliwa na mwanafunzi, na nikisema leo siongozi (sipandi wa kwanza na kamba), hanibembelezi. Yule aliyedai helmeti ni ya waoga nimeachana naye (mawe yanayoporomoka hayaulizi uzoefu).

Limebaki moja: kupachika nati (vipande vya metali vya kushikilia kamba) kwenye nyufa za mwamba, mnashauri nianze kwa kuzipachika nikiwa nimesimama chini?