Mjadala: Kodi yetu itengeneze makala ya sanaa ya Pwani kwenye runinga?

Mjukuu wa Kuze

Juzi baada ya Isha, barazani kwetu, jirani aliigeuza runinga dirishani tukidhani ni mpira. Kumbe ni makala ya maonyesho ya michoro huko London. Kamera inatambaa pole pole juu ya uso wa bibi aliyechorwa karne nne nyuma, na mtaalamu anaeleza rangi zilivyopakwa tabaka juu ya tabaka. Wazee wakanyamaza. Dakika kumi hakuna aliyetia neno, na wanaoijua baraza yetu wanajua hilo si jambo dogo. Halafu ami yangu akauliza: "Na sisi je, lini?"

Swali lake ndilo ninalolileta hapa. Msimamo wangu ni kwamba shirika la utangazaji la umma litenge pesa za mfululizo mzima wa makala ya sanaa ya Pwani, kwa Kiswahili, na wasemaji wawe mafundi wenyewe. Milango ya nakshi, zidaka, mikeka, kofia za kushona kwa mkono, hata maandishi ya tuktuk. Sitaki tena zile dakika mbili za mwisho wa habari, udi unalia na jahazi linapita jua likizama.

Msiniambie runinga haina nguvu hiyo. Mwaka 1969 BBC ilirusha vipindi 13 vya mwanahistoria wa sanaa Kenneth Clark, *Civilisation*. David Attenborough, aliyekuwa msimamizi wa BBC2, alitaka kitu cha kuonyesha uzuri wa runinga ya rangi. Clark akazunguka Ulaya Magharibi, nje ya hapo akagusa Marekani kidogo tu, na watu wangapi walibaki wakiamini kwamba ustaarabu ndio ule? Ilichukua mpaka 2018 BBC kurudi na mfululizo mwingine, jina likiwa kwa wingi na watangazaji watatu badala ya mmoja.

Pale Ngomeni, yaani Fort Jesus, kuna michoro ya meli na watu, iliyochorwa na Wareno ukutani kwa makaa na ngeu. Nimepita mbele yake tangu nikiwa darasa la tatu, sikusimama hata siku moja. Hakuna aliyewahi kunisimamisha. Kamera ingenisimamisha.

Fundi wa Changamwe

Mjukuu, salaam. Mie kamera imenifikia mara tatu. Mara ya mwisho walikuja na gari mbili, wakashinda kiwandani. Wakanitaka nirudie kupiga patasi mahali pamoja, tena na tena, ati jua limekaa vizuri. Ubao ukaharibika, nami nilishakula arubuni ya mwenyewe. Kipindi kilipotoka, mie nimo mikono tu. Jina hakuna. Sauti ni ya bwana mwengine, anasema mnyororo uliochongwa kwenye fremu ya mlango ni alama ya utumwa. Nani kamwambia? Aliyenifunza mie alisema mnyororo ni wa kuzungushia pambo lisitawanyike, basi.

Hizo pesa nunueni mbao. Mvule ni ghali, mpingo ndio usiseme, siku hizi twachonga mwarubaini. Wanafunzi wangu wawili wameacha patasi, wanaendesha bodaboda.

Mama Likoni

Fundi, na wale vijana wawili wangekuona kwenye runinga, jina lako limeandikwa chini, wangeondoka? Nauliza tu. Mwanangu anachora tuktuk na babake anamwita mvivu. Siku alipotokea kwenye simu ya mtu, sekunde chache tu, babake aliionyesha video hiyo msikitini kote.

Mwana wa Kaya

Nyote mnaongea kana kwamba kuonekana ni neema. Sisi Wagiriama tuna hesabu nyingine.

Kigango, ile nguzo yetu ya mbao, hakichongwi kuwa pambo. Anachongewa marehemu aliyekuwa wa chama cha wazee kiitwacho Gohu, kinasimamishwa, na tangu hapo kile ni yule mzee: anamwagiwa uchi wa mnazi, yaani tembo, anaambiwa habari za mji. Hata watu wakihama, chenyewe hakihamishwi. Kinaachwa kioze pale pale. Lakini kuanzia miaka ya 1970 vikawa vinang'olewa usiku, vinauzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago, vinaishia kwenye majumba ya makumbusho na sebule za matajiri Marekani. Na hao wanunuzi hawakuvidharau. Walivisifu! Walisema ni sanaa ya hali ya juu. Sifa ile ndiyo iliyovitia bei.

Sasa Mjukuu anataka kamera ije isifu tena, ionyeshe na njia ya kuingilia bomani. Mwizi atahitaji dalali wa nini?

Ila nisiwe mnafiki. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Haukupita muda vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu huko Marekani, mama yule akaonyeshwa picha za vigango vilivyohifadhiwa Illinois, akakitambua kimoja. Cha pili kikapatikana Hampton University, Virginia. Ile picha ya mzee ndiyo iliyokuwa ushahidi, na kufikia 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya. Linganisheni na vile 30 ambavyo makumbusho ya Denver iliamua mwaka 2014 kuvirudisha. Vingi vya namna hiyo havijulikani ni vya boma lipi, kwa hiyo hata vikirudi, vinarudi kwa nani?

Picha iliyotusaidia ilikuwa ya mtu na jina lake na vya kwake. Kipindi cha runinga kinapiga picha kitu kizuri na mahali kilipo, mwenyewe hayumo. Tofauti hiyo ataisimamia nani?

Mwalimu wa Kisauni

Mwana wa Kaya kasema la maana kuliko sote. Mie nagusa hilo la pesa za umma, maana Mjukuu anadhani kodi inaleta uhuru.

Mji huu umewahi kutoa msemaji wake. Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, mwaka 1986 alitoa vipindi tisa kuhusu Afrika, BBC wakishirikiana na runinga ya umma ya Marekani. Sehemu ya pesa ilitoka kwa wakfu wa serikali ya Marekani, na mkuu wake, Lynne Cheney, alipoona kilichosemwa akataka jina la wakfu litolewe kwenye kipindi. Pesa ya umma ina mwenyewe. Hapa kwetu itakuwa na mheshimiwa wa kutaka aonekane akikata utepe.

Miaka 13 baadaye Henry Louis Gates, msomi wa Marekani, naye akaja na kamera mpaka mwambao huu, na Mazrui huyo huyo akamkosoa hadharani kwa alivyousimulia utumwa na utambulisho wa Waswahili. Mabishano makali, na yote kwa Kiingereza. Bibi yangu aliyekuwa akibishaniwa hakuelewa hata sentensi moja. Kwa hiyo kwenye lugha niko na Mjukuu, mia kwa mia.

Na mwaka 2017 yalifunguliwa maonyesho makubwa ya sanaa ya Waswahili, baadhi ya vitu vikiwa vimeazimwa kutoka makumbusho ya Kenya. Yalizunguka Illinois, Washington, Los Angeles. Hesabuni nauli kutoka Kisauni.

Mjukuu wa Kuze

Nimesoma yote. Vigango navitoa kwenye orodha yangu. Wenyewe wakitaka, wataita kamera wenyewe. La mheshimiwa na utepe sina jibu, Mwalimu, umenikaba.

Kwa Fundi, nakubali fundi alipwe siku yake na ubao wake, na jina liandikwe. Kwenye mbao sikubali: ubao utachongwa na kuuzwa, lakini uliyofunzwa na mwalimu wako yakienda nawe hayanunuliki tena. Mie nina simu tu. Naomba nije nikurekodi ukieleza hilo la mnyororo. Patasi usiiguse.

Fundi wa Changamwe

Njoo Jumamosi baada ya Alasiri. Ila nisikufiche: hapa kiwandani kuna mzee mwengine, mkubwa kwangu, naye ashikilia kwamba mnyororo ni utumwa kweli. Tumelumbana miaka. Nitamwita naye akae, uturekodi sote wawili, na usikate kitu.