Kupima mzigo wa mazoezi kwa wanafunzi wanaokimbia na kucheza mpira pia: nianzie wapi bila vifaa?

Mwalimu wa Michezo, Mbale

Salaam wakufunzi wenzangu. Ninafundisha katika shule ya sekondari karibu na Mbale, na nimekabidhiwa timu ya mpira wa miguu ya wavulana pamoja na kikosi cha mbio ndefu na mbio za nyika. Wanafunzi sita wamo katika vikosi vyote viwili. Muhula uliopita wawili kati yao, wote viungo wa kati, waliumia msuli wa nyuma ya paja ndani ya wiki moja, siku chache kabla ya mechi za wilaya. Nilipokaa chini na daftari langu niligundua kwamba nilikuwa nimeandika kila zoezi nililowapa, lakini sikuwa nimeandika hata mara moja jinsi zoezi lilivyomwelemea kila mmoja wao.

Sina saa za kupima mapigo ya moyo wala vile vifaa vya setilaiti vinavyovaliwa mgongoni. Nina saa moja ya kuhesabia muda, filimbi, koni kumi na mbili na kiwanja kinachoteremka upande wa goli moja. Nimesoma kuhusu njia ya kumwuliza mchezaji ataje ugumu wa zoezi kuanzia 0 hadi 10, kisha kuzidisha jibu lake kwa dakika za zoezi. Nimeijaribu kwa wiki tatu, na karibu kila mtoto anajibu 5.

Naomba msaada katika mambo matatu. Je, ninaweza kujumlisha mbio na mpira katika hesabu moja? Nifanyeje ili wajibu ukweli? Na ule uwiano wa mzigo wa wiki hii kwa wastani wa wiki nne, unaosemekana kwamba ukiwa kati ya 0.8 na 1.3 mchezaji yuko salama, niutegemee?

Tabibu wa Viungo, Kampala

Mwalimu, njia unayoitumia ilienezwa na Carl Foster wa Marekani katika miaka ya 1990, akitumia kipimo cha ugumu kilichotokana na kazi ya Gunnar Borg wa Uswidi, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya ulichonacho. Ina masharti mawili ambayo wengi huyaruka. Swali huulizwa kama nusu saa baada ya mazoezi kwisha, kwa sababu ukimwuliza mtoto akiwa bado anahema atakupa ugumu wa mbio ya mwisho tu. Pia anatakiwa kupima kipindi chote, tangu kupasha mwili hadi kunyoosha viungo.

Kujumlisha unaweza, kwa kuwa unachojumlisha ni uzito alioubeba mtu yuleyule, uwe umetoka kwenye mpira au kwenye barabara ya nyika. Hata hivyo jumla hiyo huficha jambo. Dakika 60 za mbio za vipande, yaani kukimbia kwa kasi na kupumzika kwa zamu, kwa ugumu wa 8 ni 480, na dakika 120 za mwendo wa polepole kwa ugumu wa 4 ni 480 vilevile, ilhali kwa msuli wa nyuma ya paja hizo ni siku mbili tofauti kabisa. Msuli huo huumia zaidi mtu anapokimbia kwa kasi ya juu. Ninashuku, bila kuwaona, kwamba viungo wako walikuwa wakikimbia kilomita nyingi za mwendo wa wastani kati ya Jumatatu na Ijumaa, na mara pekee waliyofikia kasi yao kamili ilikuwa ndani ya mechi, wakiwa tayari wamechoka. Ongeza safu moja katika daftari: leo amekimbia kwa kasi kamili mara ngapi? Ukikuta sifuri kwa wiki mbili mfululizo, hapo ndipo pa kuanzia, uwape mbio fupi chache za mita 30 hadi 40 mapema katika wiki, miguu ikiwa mibichi.

Angalia pia jinsi mzigo ulivyogawanyika. Chukua wiki yenye 240, 525, 120, 480, 0, 720 na 0, ambayo jumla yake ni 2,085. Ilinganishe na wiki yenye 270, 300, 330, 300, 270, 330 na 300, ambayo jumla yake ni 2,100. Karibu ni sawa, lakini Foster alikuwa akigawanya wastani wa siku kwa kiwango ambacho siku hizo zinapishana, yaani mchepuko sanifu, na kwa hesabu hiyo wiki ya kwanza inapata kama 1.1 na ya pili inazidi 12. Wakufunzi wengi huanza kuwa macho idadi hiyo inapopita 2. Wiki ya pili haina siku nyepesi hata moja, na kwa kawaida ndiyo wiki ambayo shule hujivunia kuwa na nidhamu.

Kuhusu uwiano, mipaka ya 0.8 na 1.3 ilipata umaarufu kupitia maandishi ya Tim Gabbett wa Australia mwaka 2016, na tangu hapo imekosolewa vikali na watafiti wenzake. Kasoro mojawapo utaiona mwenyewe kwa penseli: wiki hii imo juu ya mstari na imo pia chini yake, ndani ya wastani. Mtoto akipumzika wiki tatu, kisha akafanya mazoezi ya 2,000 katika wiki ya nne, wastani wake ni 500 na uwiano ni 4. Akifanya ya 5,000, uwiano bado ni 4. Mwanzo wa muhula, unapouhitaji zaidi, ndipo unapokudanganya zaidi, hasa ukizingatia kwamba ile likizo uliyoiandika sifuri mtoto aliimalizia shambani akiwa na jembe mkononi. Mimi ningelinganisha wiki hii na wiki iliyopita kwa macho tu, na mruko mkubwa ungenifanya nimwite mchezaji tuzungumze kabla sijabadilisha chochote.

Kocha wa Netiboli, Jinja

Mwalimu, mimi nimeishi na zile 5 zako kwa muhula mzima. Kumbuka watoto hawa wametoka katika mtihani wa darasa la saba, ambako 1 ndiyo alama bora na 9 ni kufeli. Msichana wangu mmoja, baada ya mazoezi yaliyomlaza chini kwenye nyasi, aliniambia 2, na nilipomshangaa akanijibu kwamba amejitahidi sana. Wengine wanaijua hesabu, lakini wanahofia kwamba akitaja 9 ataonekana dhaifu, na akitaja 3 ataongezewa. Ile 5 ni maficho.

Niliacha kuuliza kwa sauti. Nina kikombe cha punje za mahindi na kopo lenye kifuniko kwa kila mchezaji, limeandikwa namba ya jezi. Wakishanawa, mmoja mmoja anapita nyuma ya stoo na kutumbukiza punje kulingana na alivyoona kazi, kuanzia bila punje hadi punje kumi. Kabla ya hapo nilitumia wiki nzima kuwafundisha maana kwa maneno: punje tatu ni kazi ambayo ungeweza kuendelea kusimulia hadithi huku unaifanya, na punje saba ni kazi ambayo ungejibu kwa neno moja tu. Siku ya kwanza waliyokuwa peke yao na kopo, majibu yalitawanyika kutoka 3 hadi 9 kwa zoezi lilelile.

Kwa wenye timu za wasichana, kuna jambo ambalo punje hazitalionyesha. Msichana anayekula kidogo kuliko anachotumia, na ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi, yuko katika hatari ya mifupa kupata nyufa, hata kama mzigo wake katika daftari ni mdogo. Habari hiyo hukaa kwa mwalimu wa kike mmoja anayeaminika, wala haiandikwi katika daftari linalozunguka uwanjani.

Afande Mstaafu, Kapchorwa

Nimewasoma wote kwa heshima, ingawa mimi ni wa shule ya zamani na hesabu nyingi hunitia shaka. Mkimbiaji aliyechoka husikika kabla hajaonekana. Simama kwenye kona ya barabara ya changarawe alfajiri, fumba macho kikosi kikipita, na utasikia nyayo zinazoburuza zikiwa kati ya zile zinazogonga na kuondoka. Kabla ya saa na madaftari tulijua hivyo nani apumzishwe.

Hata hivyo nina kipimo kimoja ambacho sijawahi kukiacha. Kila Jumanne ya pili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kikosi kinakimbia kilomita 3 katika kipande kilekile cha barabara kwa dakika 12, bila kuwahi wala kuchelewa. Si mashindano. Wakifika wanahesabu mapigo shingoni kwa sekunde 15, wanasimama dakika moja, wanahesabu tena. Mwendo ukiwa uleule na mapigo yakishuka kipimo hadi kipimo, mazoezi yameingia mwilini. Yakipanda, na baada ya ile dakika yakakataa kushuka, sitafuti kosa katika mpango kwanza. Ninamwuliza kama amelala, kama amekula, kama kichwa kinamuuma. Andika na hali ya hewa, maana hapa kwetu juu, ambako hewa ni nyembamba, dakika 12 si sawa na dakika 12 za huko Mbale.

Tarehe 26 Machi 2017 nilikuwa Kololo kwenye mbio za nyika za dunia. Joshua Cheptegei aliongoza hadi mzunguko wa mwisho, uwanja mzima umesimama, kisha miguu ikamwishia mbele yetu na akamaliza wa 30. Mwaka 2020, huko Monaco, kijana huyohuyo alikimbia mita 5,000 kwa 12:35.36, rekodi ya dunia, kwa mizunguko iliyolingana karibu yote. Vijana wangu ninawafundisha kugawa nguvu kabla sijawaongezea kilomita.

Tabibu wa Viungo, Kampala

Afande amenikumbusha jambo ambalo ningelisema mapema. Mapigo ya asubuhi kabla ya kutoka kitandani yakizidi kawaida ya mtoto mwenyewe kwa 10 hivi, na kuna homa au kichwa kuuma, apelekwe kupimwa malaria siku hiyohiyo, na mazoezi yasubiri majibu.

Mwalimu wa Michezo, Mbale

Ninawashukuru wote, Dada Kocha hasa. Nimetumia makopo kwa siku nane. Jumatatu niliwapa dakika 40 nyepesi, nikitegemea punje tatu au nne. Kiungo wangu mmoja, kati ya wale walioumia, aliweka nane. Nilipomwita pembeni akaniambia kwamba Jumapili nzima alikuwa akimbebea kaka yake matofali kutoka tanuri hadi barabarani. Daftari langu lilikuwa na sifuri kwa Jumapili hiyo. Nilimpa saa anihesabie wenzake.

Limebaki swali moja. Mechi ya wilaya ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mbio za nyika ni siku 14 baada yake. Wale sita niwapangeje?

Tabibu wa Viungo, Kampala

Anzia tarehe ya nyika urudi nyuma. Tafiti nyingi kuhusu kupunguza mazoezi kabla ya mashindano zinakubaliana kwamba wiki mbili zinatosha, ukikata wingi kwa asilimia 41 hadi 60 na kuacha kasi kama ilivyo. Hizo siku 14 zako zinaangukia hapohapo, kwa hiyo mechi yenyewe ndiyo iwe kazi yao nzito ya mwisho. Jumapili wapumzike, bila matofali. Jumatatu mchakamchaka wa dakika 20 ambao wataweza kuongea. Jumatano vipande vichache kwa kasi ya mashindano, kama vinne badala ya vinane, na wiki ya pili vipungue tena huku kasi ikibaki ileile. Yule wa punje nane, kama matokeo yataruhusu, mtoe uwanjani dakika 30 za mwisho.