Mafundi wa inveta na betri Kigoma, mnatuuzia nini? Nimefukia kilo 80 za samaki

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Leo asubuhi nimechimba shimo nyuma ya duka nikafukia kilo 80 za migebuka na kuhe. Mzigo niliuchukua mwenyewe Kibirizi Jumapili alfajiri, samaki bado wanang'aa. Leo maji mekundu yametoka chini ya friza hadi mlangoni, na harufu imefika kwa jirani anayeuza vitenge.

Nina duka la samaki Mwanga, hapa Kigoma mjini, friza tatu. Tangu mwezi wa saba nilikuwa nawaza Novemba. Aliyekaa huku anaijua mvua yetu: upepo unatoka ziwani, radi zinapasua, mabati yanaruka, na umeme unakatika kabla hata tone la kwanza halijafika chini. Kwa hiyo nilikopa kwenye kikoba, nikaenda duka moja la vifaa vya umeme na milioni mbili na laki tatu mkononi. Nikamwambia muuzaji nataka friza zangu zipite usiku mzima umeme ukikatika. Akanijibu, "Mama, hilo dogo sana."

Hakuniuliza friza ni ngapi. Hakuniuliza zinakula wati ngapi. Hakufika dukani kwangu hata siku moja. Alimtuma kijana, akafunga inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), betri mbili na paneli moja ya jua juu ya bati, akawasha taa na feni, akasema "tayari", akaondoka. Friza hata moja hakuichomeka! Na mimi nilimpa hela ya usafiri na soda juu.

Jumapili saa tatu usiku umeme ukaondoka. Samaki walikuwa bado hawajaganda, friza zinafanya kazi bila kupumzika. Nilikaa na tochi ya simu nasikiliza: friza inagonga "ka", inanyamaza, inagonga tena, inanyamaza, huku inveta inalia pii pii pii. Saa tano kasoro giza tupu. Jumatatu mchana kutwa mawingu, paneli haikuingiza chochote cha maana. Umeme umerudi leo Jumanne.

Nimemwita mzee mmoja fundi, mstaafu, ndiye aliyenifungulia macho. Betri nilizouziwa ni za gari! Betri ya gari imetengenezwa kutoa moto mkubwa kwa sekunde chache za kupiga stata, halafu injini inaichaji. Ukiifanya ihudumie friza mpaka iishe, unaiua mapema. Za kazi hii zina sahani nene ndani, au ni za lithiamu. Moja ya kwangu imeshavimba ubavuni, ukisogea karibu inanuka asidi.

Akanipigia hesabu kwenye boksi la sabuni. Betri mbili za volti 12 na ampia-saa 100 kila moja, jumla wati-saa 2,400. Za asidi hazitakiwi kushuka chini ya nusu, zinabaki 1,200, na inveta nayo inakula zake, tuseme 1,000. Friza tatu za wati 200 ni 600. Zikifanya kazi mfululizo hazifiki hata saa mbili. Hesabu ya darasa la nne, na mtu anayeuza vitu hivi kila siku hakuona haja ya kuipiga!

Na inveta yenyewe imeandikwa 2000 kwa herufi kubwa, kumbe hiyo ni nguvu ya sekunde chache, uwezo wake wa kudumu ni 1000. Kompresa ya friza inapoanza inavuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida. Zikianza mbili kwa pamoja, inveta inajizima. Ule mlio wa "ka" ndio huo.

Kuna lingine limenitisha kuliko samaki. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, umeshushwa ukutani, ukafichwa kwenye mchanga, mwisho. Hakuna fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Kigoma hii ya radi! Msaidizi wangu anashika zile friza mikono imelowa.

Nimempigia muuzaji. Kwanza "mvua ni ya Mungu, mama". Halafu "umezidisha lodi". Lodi gani? Friza tatu ndizo nilizokuwa nazo siku ya kwanza, angekuja angeziona! Mwisho amesema betri hazina waranti msimu wa radi. Kwenye risiti hakuna maneno hayo.

Halafu naomba wenye jenereta mnisikie, maana leo nimeona duka la pili kachomeka waya wenye plagi pande zote mbili, kutoka kwenye jenereta hadi soketi ya ukutani. Umeme huo ukitoka nje unapanda kwenye transfoma na kuwa maelfu ya volti, na fundi yuko juu ya nguzo anatutengenezea. Fungeni swichi ya kubadilishia, inayotenga duka na waya za nje kabla jenereta haijaingia. Na jenereta ikae nje, moshi wake una gesi isiyonuka, inaua watu wamelala.

Jumamosi napakia betri zote mbili kwenye bajaji, nazirudisha pale na lile boksi la sabuni lenye hesabu. Nataka hela yangu. Kama uko Mwanga, Gungu au Ujiji na umefungiwa betri za gari kama mimi, ziangalie leo, tafuta risiti yako, twende pamoja.